Ziwa la Jirani

Nyapara Shabetai alipigwa mchana kweupe, uani kwetu, na waliompiga walikuwa wanawake watupu.

Alikuja amevaa koti lake la Sabato ingawa ilikuwa Jumatatu, fimbo mkononi, akasimama karibu na bomba la maji kama mtu anayekuja kuposa. Mgomo wa tumbaku ulikuwa umeshatuchosha. Pasaka ilipita bila nyama, na jiko la mgomo lilitugawia maharage yaliyochemshwa mpaka hayajijui kama ni maharage au uji. Shabetai alilijua hilo, ndiyo maana akaja na sauti laini.

"Kina mama, mimi ni mwenzenu. Nimekulia mtaa huu huu. Mwenye akili aje kesho asubuhi mlango wa nyuma wa ghala. Askari watawasindikiza, hakuna atakayewagusa. Watoto watakula."

"Watoto wa nani?" aliuliza Joya. Alikuwa anakamua nguo, hata hakumtazama.

"Wako wewe, kwanza. Mumeo hamali, bandarini siku hizi kazi ya kuokoteza. Na nyumbani una vinywa vinavyokungoja."

"Vinywa vya wanangu usivitie kinywani mwako."

"Basi wafe njaa kwa ubishi wa mama yao."

Hapo ndipo alipokosea. Joya aliinama, akavua mtalawanda mmoja wa mti, ule mzito wa kutembelea kwenye matope, akamshindilia nao mdomoni. Nyapara akainua fimbo, lakini mama mkwe wake Joya, Bibi Vida, alikwisha kunyanyua beseni la maji ya sabuni yenye moto, na yote yakaishia shingoni mwa lile koti la Sabato. Kisha tukamvamia sote. Nami nilikuwemo, sitaki kujitoa. Alitoka uani kwa magoti, akaacha jino moja karibu na bomba, na watoto wakalichezea mpaka jioni.

Mtu mmoja tu hakupiga. Palomba alikuwa amesimama mlangoni pake, amepakata watoto wawili, wake na wa Joya, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Joya, shoga yangu," akasema, "wewe Mungu alitaka kukuumba askari, udongo wa mwanamume ukamwishia."

Lazima niseme kidogo juu ya hawa wawili. Sisi Wayahudi wa Saloniki, kule Ugiriki, wa mitaa ile ya chini karibu na stesheni, tulikuwa tukiishi nyumba sita au saba kwenye ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na kila mtu akijua mwenzake amepika nini. Joya na Palomba milango yao ilitazamana. Walijifungua majira ya baridi yale yale, Joya mvulana, Nisim, na Palomba msichana, Oro. Joya alikuwa mchambuzi wa majani ya tumbaku, tukikaa naye meza moja, mimi upande wa dirisha. Ghalani mtoto haingizwi. Vumbi la tumbaku linaziba pua za watu wazima, sembuse kifua cha mtoto. Palomba yeye alikuwa dobi wa nyumba za matajiri kule juu, kazi ya alasiri. Mumewe alikwenda Marseilles kutafuta maisha, na maisha yakampata huko na mwanamke mwingine.

Basi walielewana. Asubuhi Joya akienda ghalani, Palomba ananyonyesha wote wawili. Alasiri Joya anarudi, ananawa vumbi mpaka kifuani, anawapokea, na Palomba anakwenda kufua. Bibi Vida aliwaogesha na kuwabembeleza, lakini maziwa yalikuwa ya hao wawili. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyeshukuriwa. Watoto wale walikuwa wamenyonya ziwa moja, na kwetu, kama kwenu, hao ni ndugu.

Siku chache baada ya Shabetai kupoteza jino, Palomba alikuja kwa Joya asubuhi na mapema na Oro begani.

"Matajiri wangu wamehamia Paris," akasema. "Wameondoka na mashuka yao. Lakini nimepata nyumba nyingine, wanataka nifue asubuhi. Utanishikia mtoto? Wewe si umekaa tu na mgomo wako."

"Nimekaa tu!" Joya akacheka. "Mlete huyo. Ila ukirudi uniletee sabuni, hao watu wakubwa hawahesabu."

Palomba akaondoka. Ikawa hivyo kila siku. Joya alimnyonyesha Oro asubuhi yote, na zamu yake ya kwenda kusimama langoni kwa ghala ilipofika, aliwaachia watoto mama mkwe wake. Palomba alirudi alasiri, akiwa amechoka na hana maneno mengi. Sabuni hakuleta. Aliwahi kuleta mkate mweupe mara mbili, na jibini.

Siku moja Palomba alimchukua Nisim amnyonyeshe, mtoto akakunja uso na kupiga chafya. Joya alikuwa karibu, akainamia.

"Mbona unanuka tumbaku?"

"Mwenye nyumba anavuta sana. Nafua mashati yake."

Baadaye Joya aliniambia kwamba pua yake ilijua siku ile ile, ila moyo uliikataza pua kusema.

Wavunja mgomo walitolewa ghalani alasiri, kwa mlango wa nyuma, kundi zima likizungukwa na askari wa farasi. Wanawake walijifunika shali mpaka machoni wasijulikane. Kamati ya mgomo ilituagiza: msimguse mtu, zomeeni tu. Tukazomea. Siku tatu, nne, tukazomea mpaka sauti zikatukauka. Siku ya tano, ilikuwa Alhamisi, Tiya Dudun alisimama mbele, mwanamke mzima ambaye sote tulimwita tiya, yaani shangazi, kwa heshima, amechambua tumbaku tangu enzi za Waturuki. Hakutupa jiwe. Alikuwa ananyoosha kidole tu na kusema, "Haya ona haya, binti yangu, haya ona haya." Askari mmoja akamsukuma na farasi. Mzee akashika hatamu asianguke. Askari akachomoa upanga, akampiga nao kichwani kwa ubapa. Kilemba kikaruka, damu ikamshukia usoni kama pazia.

Baada ya hapo hapakuwa na kamati wala agizo. Mawe yalitoka pasipo na mawe. Farasi mmoja alipigwa jichoni, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamtupa askari wake na kukimbia na hatamu zikiburuta. Uzio wa farasi ukafunguka, na sisi tukaingia ndani yake. Nilimwona mwanamke akiburutwa kwa nywele mpaka kwenye mtaro. Nilimwona mwingine amepiga magoti, watu wanamtemea mate mmoja baada ya mwingine. Joya alikamata shali iliyokuwa karibu naye, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Chini ya shali alikuwamo Palomba.

Walitazamana. Kelele zote zile, na wao wametulia kama watu wanaokutana kisimani. Mbele ya gauni la Palomba palikuwa pameloa maziwa.

"Joya, niache nipite," akasema Palomba. "Maziwa yananitoka. Mtoto ananingoja."

"Mtoto wako yuko kwangu! Nimemnyonyesha leo toka asubuhi. Nilikuwa namnyonyesha ili wewe uende ukakae wapi? Umekaa wapi humo ndani, Palomba?"

"Nilipoonyeshwa."

"Kwenye kiti changu."

Palomba hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. "Kiti hakina jina," akasema. "Wewe una mume. Ukigoma, mumeo atabeba gunia. Mimi nikigoma, nani abebe? Mgomo wenu ninyi wenye waume."

Joya alimpiga. Mtalawanda ulikuwa mkononi tayari, hajui aliuvua saa ngapi. Pigo la kwanza lilitua kwenye taya, na sote tuliokuwa karibu tulisikia mlio wake, kama kuni kavu. Palomba hakulia. Aliinua mkono kujikinga na Joya akaupiga ule mkono. Alipoanguka, Joya alimpiga tena mgongoni, huku akipaza sauti, "Nimemnyonyesha! Nimemnyonyesha!" Waliokuwa nyuma hawakujua habari ya kunyonyesha. Waliona tu msaliti ameanguka. Wakaja na mitalawanda yao, na visigino, na mwavuli wa mtu. Ndipo Joya alipozinduka.

"Basi! Ni jirani yangu! Basi, jamani!"

Nani amsikie? Alijitupa juu ya Palomba, akapigwa mateke yeye mwenyewe mbavuni na wanawake wa meza yake. Waliacha tu askari walipofyatua bunduki. Safari ya kwanza walipiga hewani. Ya pili hawakupiga hewani, kijana mmoja wa kufunga marobota akaangukia uso kwenye mawe ya barabara, na mtaa ukawa mtupu kwa kufumba na kufumbua. Nilimvuta Joya kwa mkono. Alikuwa anaangalia nyuma. Palomba alibaki pale barabarani amejikunja, mguu mmoja hauna kiatu.

Uani tulimkuta Bibi Vida na watoto wawili wanaolia. Nisim alikuwa na njaa. Oro alikuwa na njaa zaidi, maana saa ya mama yake ilikuwa imepita. Joya aliketi kwenye kizingiti na gauni lililochanika, akampa Nisim ziwa moja. Bibi Vida akamletea na yule wa pili.

"Huyo mtoe mbele yangu," Joya akasema.

"Una wazimu?"

"Mama yake amekalia kiti changu, mama. Amenidanganya usoni. Na mimi nimemvunja."

Bibi Vida alitazama mikono ya mkwe wake, akaona damu kwenye kucha. Alikuwa mwanamke mkali, alizika watoto watano kati ya wanane, hakuwa na machozi ya kugawa ovyo. "Umemvunja mama," akasema. "Huyu je? Huyu naye kavunja mgomo gani? Fungua gauni, mwanamke, kabla sijakufungulia kwa makofi."

Joya akafungua. Oro alinyonya kwa pupa, mikono midogo imeshika gauni lenye damu ya mama yake.

Palomba aliletwa jioni juu ya mkokoteni wa kaka yake. Huyo kaka, Bohor, alikuwa mwenye mikokoteni ya farasi, jitu la watu, kifua kama pipa. Alimwingiza dada yake ndani mikononi kama anavyobeba kondoo. Taya lilikuwa limefungwa kwa kitambaa kilichozunguka kichwa, na mkono umefungwa kwenye vipande vya mbao. Bohor alipotoka hakuuliza chochote. Mtaa mzima ulishamwambia.

Aliupiga mlango wa Joya teke moja, ukang'oka bawaba. Gedalya, mumewe Joya, ndiyo kwanza amerudi kutoka bandarini, akainuka kutoka mezani. Naye hakuwa mdogo, hamali anayebeba piano peke yake, lakini Bohor alikuja na mjeledi na hasira.

"Yuko wapi huyo mbwa jike?"

"Bohor, ongea na mimi," Gedalya akasema. "Mwanamume na mwanamume."

"Wewe sina neno na wewe. Toka njiani."

Gedalya hakutoka. Walipigana mle chumbani pasipo nafasi ya kupigania. Kabati la vyombo likalala chini, vyombo vya Pasaka vyote, vile alivyokuja navyo Bibi Vida alipoolewa, vikawa changarawe. Bohor alimpiga Gedalya kichwa cha pua, akampindua juu ya kitanda, kitanda kikavunjika katikati. Watoto wakubwa walijificha chini ya meza. Bibi Vida alimshambulia kwa mchi wa kinu, akampata begani, naye akamsukuma kwa kiganja tu, mzee akakaa chini bila kutaka. Kisha Bohor akageuka na kumwona Joya kwenye kona, watoto wawili kifuani.

Aliinua mjeledi. Mkono ukabaki hewani.

"Mlete huyo mtoto," akasema.

"Hajashiba," Joya akajibu. Aliniambia hakuwa na ujasiri wowote, ndilo neno lililomjia tu.

"Mlete! Afadhali afe kwetu kuliko aishi na maziwa yako."

Akampokonya Oro kutoka ziwani, mtoto akabaki na mdomo wazi, matone yakimtiririka kidevuni, na kilio chake kikavuka ua na kuingia mlango wa pili.

Kilio hicho hakikukoma. Ijumaa tulikisikia tukiwasha mishumaa ya Sabato, na Jumamosi wanaume waliporudi kutoka sinagogi walikikuta bado kipo, kimekuwa chembamba. Palomba alikuwa na homa kali. Maziwa yalimgandia kifuani, na uchungu wa taya haukumwacha hata kumeza maji. Bohor alileta maziwa ya mbuzi, mtoto akayatapika. Akaleta mnyonyeshaji kutoka mtaa wa pili, yule mwanamke alipojua ni mtoto wa nani akakataa kwa sababu mumewe amegoma. Kila Oro alipolia, gauni la Joya lililoa. Alijifunga kitambaa kifuani, alijifunga na kingine, akaziba masikio kwa mito. Jumapili asubuhi sauti ya mtoto ikawa kama ya paka mchanga, na Joya akavuka ua.

Bohor alikuwa amekaa mlangoni kwenye sanduku, mjeledi magotini.

"Rudi ulikotoka."

"Niache nimnyonyeshe. Kisha nipige."

"Nitakupiga sasa hivi."

"Haya."

Joya alidhani Bohor anatania. Hakutania. Mjeledi ule ulikuwa wa farasi, na ulimkamata kutoka bega hadi kiunoni. Sote tulitoka milangoni. Gedalya, pua imevimba kama bilingani, alitaka kukimbia, Bibi Vida akamshika mkanda. "Mwache," akasema. "Hilo lake." Bohor akapiga tena. Joya alipiga hatua mbele. Akapiga mara ya tatu, na ngozi ikafunguka juu ya titi, na damu ikashuka ikachanganyika na yale maziwa yaliyokuwa yakimtoka yenyewe. Bohor aliona hilo. Alikuwa mtu wa farasi, hakuwa mnyama. Mkono ulianza kumlegea. Wakati huo huo mlio ukatoka ndani: gongo, gongo, gongo. Palomba hakuweza kusema, alikuwa anagonga sufuria ukutani kwa mkono mzima.

Bohor akasogeza sanduku.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya homa. Palomba alikuwa amelala, uso umevimba upande mmoja mpaka jicho limepotea. Joya alimchukua mtoto kutoka kitandani, akakaa chini sakafuni, akapangusa damu kwa pindo la gauni na kumpa ziwa. Mwanzoni Oro hakuwa na nguvu za kuvuta. Joya alimkamulia midomoni, tone kwa tone, akimwita jina lake, mpaka akashika. Palomba aligeuka akatazama ukuta. Muda wote ule hakugeuka tena.

"Palomba," Joya akasema alipomaliza. "Palomba, dada yangu."

Mkono mzima ukainuka kutoka kwenye blanketi na kuonyesha mlango.

Joya alivuka ua vile siku baada ya siku, na Bohor hakumpiga tena wala kumsalimu. Mgomo ulikwisha wiki iliyofuata. Yule kijana aliyekufa barabarani alizikwa na mji mzima nyuma ya jeneza lake, na matajiri wa tumbaku wakaogopa. Tulipata nyongeza, si yote tuliyodai. Waliovunja mgomo walifukuzwa siku ile ile, bila hata asante. Shabetai akarudi na pengo lake, akajifanya hatujui.

Joya aliitwa arudi mezani. Na hapo shida yake ya zamani ikasimama mbele yake kama haijawahi kuondoka: nani atamnyonyesha Nisim? Mkate wa Gedalya hautoshi. Maziwa ya kununua yalikuwa maji na chokaa. Bibi Vida alisema atamlowekea mkate kwenye maji ya sukari, na wote wawili walijua watoto wangapi wa mtaa wetu walizikwa na mkate wa namna hiyo.

Asubuhi ya kwanza, Joya amevaa, amejifunga kilemba, mlango ukagongwa. Palomba. Uvimbe ulikuwa umeshuka, na taya linaunga vibaya, mdomo umevutwa kushoto. Mkono bado uko kwenye mbao. Homa ilipokwisha maziwa yalimrudia, hilo ua zima tulilijua. Alisema maneno mawili tu, yakitoka kwa taabu kati ya meno.

"Lete mtoto."

Bibi Vida alimvuta Joya nyuma. "Usimpe! Umemharibu uso, umemharibu mkono, sasa umpe na mwanao? Atamziba pumzi. Mimi ningemziba."

Joya alimtazama Palomba. Palomba hakushusha macho. Ving'ora vya maghala vilikuwa vimeshaanza kulia, kimoja baada ya kingine, kutoka upande wa bandari.

Akampa.

Siku ile nilikaa naye meza moja. Hakuchambua, alirarua. Majani mazuri aliyatia kwenye takataka, takataka akazipanga kama majani ya mfalme. Mara mbili alisimama, mara mbili nikamkalisha. "Nimempa mwanangu kwa mikono yangu," alikuwa akisema. "Kwa hii mikono." King'ora cha kutokea kilipolia alitoka mbio bila kunawa vumbi, ametangulia watu wote, mitalawanda mkononi ili akimbie vizuri.

Alimkuta Nisim amelala kwa Palomba, tumbo limejaa, mdomo umelegea kwa shibe. Alimbeba hadi kwake, akamfungua nguo kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua bidhaa. Kwenye paja la kushoto, juu kabisa, palikuwa na alama ya kufinywa. Ya bluu, na kucha imeacha mwezi mdogo mwekundu.

Bibi Vida aliiona. "Unaona? Unaona?" Akashika mchi. "Leo nafungwa mimi!"

Joya alisimama mlangoni akauziba kwa mikono yote miwili. "Kaa chini, mama."

"Mjukuu wangu amefinywa!"

"Nimeona. Kaa chini."

Asubuhi iliyofuata alivuka ua na mtoto, mimi nikimngoja bombani tuongozane. Palomba alinyoosha mkono kumpokea. Joya hakumwachia. Alimhamishia Nisim mkono wa kulia, akakunja mkono wa gauni la kushoto kwa meno mpaka juu ya kiwiko, akamnyooshea Palomba ile nyama laini ya ndani.

"Ukitaka kufinya, finya hapa," akasema. "Kila asubuhi nitakuletea. Yeye mwache."

Palomba aliutazama ule mkono. Nilidhani atafunga mlango. Kisha akashika ile nyama kwa vidole viwili, akaibana, akaizungusha, akizungusha na kuzungusha, macho yake yakiwa kwenye macho ya Joya, na lile taya lake lililopinda likitetemeka. Joya alipauka. Kucha zilizama mpaka damu ikatoka na kutiririka hadi kwenye kiganja.

Palomba akaachia. Akapangusa vidole kwenye aproni yake, akampokea Nisim.

"Leo uwahi," akasema. "Jana alilia."

Kazini Joya alifunga mkono kwa kitambaa na kuchambua vizuri, jani kwa jani. Jioni alimvua Nisim nguo, hakuona alama mpya. Kesho yake alinyoosha tena mkono, akafinywa, na kesho yake tena, hadi joto la kiangazi lilipoingia na mkono mzima kuwa wa zambarau, na wanawake wa meza wakimuuliza kama Gedalya ameanza kumpiga. Kisha Palomba akapata kazi ya kufua kwa mkono mmoja na nusu, alasiri kama zamani, na zamu zao zikarudi. Waliongea mambo ya watoto: amekula, ameharisha, ameota jino. Mengine hawakuyaongea. Nilipohamia Haifa na mume wangu, wale watoto walikuwa wanakimbia uani na kupigania kijiko kimoja, na mama zao walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye kizingiti chake, mlango ukitazama mlango, wanamenya vitunguu.